Nusu ya Chini

Ileje, hospitalini
Jumatatu, 9 Juni 2025

Kaka Abdulrahim,

Huku mlimani tumeamka na baridi ya kuuma masikio, ila tu wazima, na wewe huko kwenye vumbi la malori nakuombea hivyo hivyo. Barua hii na flashi iliyomo anakuletea Tuntufye, dereva wa gari la Noah, kama siku zote, maana mtandao wetu unaujua. Utauliza kwa nini sijapiga simu. Simu nimeishika mara nyingi tangu jana na kila mara nimeirudisha mezani. Nikilisema jambo hili kwa mdomo nitalia, na kwenye korido hii kila mtu ana masikio.

Kuna mgonjwa mmoja, mwanamke kijana, ananyonyesha. Alikuja siku ile ya uchunguzi wa vifua mwezi uliopita, ana kikohozi cha mafua tu. Nilipompiga picha na picha ikafunguka kwenye kompyuta, chini ya pafu la kulia kulikuwa na doa kubwa, na pembeni yake ubavu uliowahi kuvunjika ukaunga. Daktari bingwa wa kutoka Mbeya ameiona. Anasema doa la namna ile kwa mtu wa umri ule si la kusubiri. Amempa kitanda Mbeya, Alhamisi ya wiki ijayo, afunguliwe kifua watoe kipande wakakipime. Ameambiwa aanze kumwachisha mtoto ziwa.

Kazi yangu ni kupiga picha za mionzi, mambo ya kompyuta ni yako. Lakini huyu mwanamke hajawahi kuvunjika ubavu. Mwezi wa tano ulikuja ukabadilisha kile kitu kwenye mfumo, ukasema sasa picha zitafunguka haraka. Je, kitu hicho kinaweza kuharibu picha ya mtu?

Kwenye flashi nimekuwekea picha ya mkono wangu mwenyewe uijaribu. Picha ya mgonjwa haitoki humu bila saini ya Daktari Loisi, mganga mfawidhi wetu, na sijamwambia bado. Nijibu haraka. Naogopa.

Tupokigwe


Tunduma
Jumanne, 10 Juni 2025

Dada Tupokigwe,

Salaam. Tuntufye kanikabidhi bahasha huku anacheka, anasema mimi na wewe tukiendelea na barua hizi watu wataanza kuuliza habari za mahari. Nimemwambia aangalie barabara.

Kwanza shukrani. Mama yangu hajamaliza kusimulia ulivyompokea siku ile ya uchunguzi, ulivyomtoa mwisho wa foleni ukamweka nyuma tu ya ndugu zako wa damu, kama mtu wa nyumbani. Kikohozi chake kilikuwa kinaninyima raha. Tangu picha yake itoke safi nimekuwa nikimtania: Bi Tabu, mashine imeshasema huna kitu, kohoa kwa adabu. Bado anakohoa, vumbi la foleni ya malori hapa mpakani halina mwenyewe, lakini sasa moyo wangu umetulia. Anakuletea kitenge kwa mkono wa Tuntufye na anasema natotela, kama anavyowashukuru wateja wake wa Nakonde, upande wa Zambia.

Sasa kazi. Nilichobadilisha kinaitwa kiendeshi. Ni programu ndogo inayosimama kati ya mashine yako na hifadhidata inakotunzwa picha, kama kuli wa hapa mpakani: anapokea mzigo upande huu, anaukabidhi upande ule, yeye mwenyewe hana duka. Cha zamani kilikuwa kizito, mlilalamika wenyewe, nikaweka toleo jipya. Mkono wako nimeuingiza na kuutoa mpaka nimechoka. Vidole vyote vipo, hata pete inaonekana. Kiendeshi ni kizima.

Nisamehe nikisema hili. Siku ya uchunguzi watu walikuwa wengi. Si rahisi picha ya mtu mmoja ikaandikwa jina la mwingine? Na ubavu, mtu huanguka kwenye mparachichi utotoni akasahau. Wewe umejuaje kwamba hajavunjika? Mpige tena huyo mgonjwa, utaona. Na Daktari Loisi mwache kwanza. Kwa mgonjwa mmoja tusiamshe kijiji kizima, hospitali nyingine mbili zinaniangalia kabla hazijaniita.

Ndugu yako,
Abdulrahim


Ileje
Alhamisi, 12 Juni 2025

Kaka Abdulrahim,

Kitenge kimefika, ni kizuri kuliko ninavyostahili, mshukuru mama. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na mara zote mbili imeniuma.

Jina naliandika mtu akiwa mbele yangu, kabla hajavua shati. Sijawahi kuandika jingine. Na umeniuliza nimejuaje. Mgonjwa mwenyewe ni Gwantwa, mdogo wangu, tumbo moja. Nimembeba mgongoni nikiwa bado mtoto. Ubavu wake ungevunjika, ningechapwa mimi.

Kumpiga tena nilishampiga, wiki moja baada ya ile ya kwanza. Alikataa kuingia peke yake, akashika mlango. Baba akasema: "Mimi natangulia, kama siku ile. Ukiona nimetoka mzima, nawe uingie." Ndivyo tulivyo, nyumbani kwetu mtoto hapiti mlango kabla ya baba. Basi akatangulia baba, akafuata Gwantwa, na doa likatoka palepale. Kwa hiyo Mbeya wana picha mbili zinazosema neno moja. Ndiyo maana kitanda kimepatikana haraka hivyo.

Jana nilifanya nilichokuwa naogopa kufanya. Niliifungua picha ya Gwantwa kando ya picha ya baba. Baba yetu, Mzee Asajile, alichimba dhahabu Saza ujanani. Ukuta wa shimo ulimwangukia ukamvunja ubavu, na vumbi la mawe lilimwachia doa kifuani ambalo madaktari wanalijua na hawana wasiwasi nalo. Kaka, ubavu ni ule. Doa ni lile. Juu ni kifua cha mdogo wangu, chini kama kifua cha baba.

Nimekwenda kwa Daktari Loisi, usinilaumu. Ameziangalia kwa muda mrefu. Amesema watu wa damu moja hufanana hata mifupa, na hata yule bingwa alisema vipo vifua vya ukoo. "Nikifuta kitanda kwa kukisia na doa likawa la kweli, nitakuwa nimemuua. Niletee kitu cha kuonyesha." Hajakosea. Kijijini nako wameshapata lao, wanasema nyumba ya Asajile imetupiwa kitu.

Gwantwa yuko Nanyala kwa mumewe, anajiandaa. Kurudi hapa hataki. Anasema mashine ile imemwonyesha kifo chake mara mbili, ya tatu ya nini. Mtoto analilia ziwa, na yeye anampa uji huku amegeukia ukutani.

Jambo jingine, sijui kama lina maana. Tangu kioo cha mashine kife, picha tunaiona ikishafika kwenye hifadhidata tu. Na asubuhi picha ya kwanza ya kifua hutoka nusu ya chini ikiwa kiza kitupu. Tumezoea. Tunasema mashine haijapata joto, baridi ya huku unaijua. Mtu wa kwanza huwa tunampiga mara mbili, na ya pili hutoka nzuri.

Tupokigwe


Tunduma
Ijumaa, 13 Juni 2025

Dada Tupokigwe,

Nisamehe. Ningejua ni Gwantwa nisingeandika vile, na hata angekuwa mtu baki sikutakiwa kuandika vile.

Lile ulilosema hujui kama lina maana ndilo limeninyima usingizi. Mashine ya eksirei haina cha kuota moto, dada. Ingekuwa baridi, picha nzima ingeharibika, isingechagua nusu ya chini. Na kama kawaida hiyo ya kupiga mara mbili imeanza mwezi wa tano, basi haikuletwa na baridi. Imeletwa na mimi.

Nikueleze ninachoshuku. Mkono wako ni picha ndogo. Kiendeshi kinaubeba kwa mkupuo mmoja. Kifua ni picha kubwa, kwa hiyo kinaigawa: kinapeleka nusu ya juu, kinarudi kuchukua ya chini. Sasa fikiria yule kuli aliyerudi na gunia lake. Badala ya kusubiri lijazwe mzigo wako, analibeba lilivyo, likiwa na masalia ya mteja aliyetangulia, na mzigo wako unaingia ameshaondoka. Asubuhi gunia ni tupu, ndiyo kiza chako. Mimi hapa nimejaribu mikono, miguu na meno. Kifua sikujaribu hata kimoja, kwa sababu vifua haviruhusiwi kutoka kwenu na mimi sikuvidai.

Lakini kushuku hakufuti kitanda. Fanya hivi. Asubuhi, baada ya kuwasha mashine, chukua bamba la kupigia picha, la ukubwa wa kifua. Weka ufunguo upande wa chini, piga. Nusu ya chini itatoka kiza. Usiirudie. Ondoa ufunguo, weka kijiko palepale, piga. Kijiko kikitoka kijiko, nimekosea na tuanze upya. Kijiko kikitoka ufunguo, mpeleke Daktari Loisi mbele ya kompyuta na umwonyeshe vitu vyote viwili mkononi mwako.

Na tangu sasa usimpige mtu kifua. Mwambie Daktari ni mimi nimesema.

Abdulrahim


Ileje
Jumapili, 15 Juni 2025

Kaka Abdulrahim,

Kijiko kimetoka ufunguo.

Nilimwita Daktari Loisi kabla ya ibada, akaja na kanga ya kanisani mabegani. Nilipiga mbele yake. Kijiko kilikuwa bado kiko juu ya bamba tunakiona, na kwenye kompyuta upande wa chini umelala ufunguo wa kabati langu. Aliomba nirudie kwa kikombe. Kikombe kikatoka kijiko. Akakaa. Akasema, "Vifua vyote vya tangu mwezi wa tano."

Amefunga chumba. Kesho wanaanza kuwaita watu wote warudi, na kwa jinsi watu wa huku walivyotawanyika kwenye mashamba yao itachukua muda. Baba nilimweleza kwa Kindali mpaka akaelewa, akacheka mara ya kwanza mwezi huu. "Ndaga, asante. Kumbe doa langu limekwenda kumtembelea binti yangu." Nilitaka kucheka naye nikashindwa.

Sababu ni hii. Daktari Loisi amesema sasa tunajua picha ya Gwantwa ni ya uongo, lakini ya kweli hatuijui. Chini ya pafu lake kunaweza kuwa safi, kunaweza kuwa na doa lake mwenyewe. Kitanda hawezi kukifuta kwa picha isiyokuwepo. Gwantwa nimempigia, nikamwomba aje apigwe mashine ikishatengenezwa. Akaniambia, "Dada, mnijaribishie mashine yenu tena?" akakata.

Kwa hiyo nakuuliza, na nakuomba ujibu hili tu, mengine baadaye. Nusu ya chini ya mdogo wangu iko wapi? Imefutika?

Tupokigwe


Tunduma
Jumatatu, 16 Juni 2025

Dada Tupokigwe,

Haikufutika. Nimeandika haraka mwandiko unakimbia, vumilia. Tuntufye ananipigia honi nje.

Tangu barua yako ifike nimekaa na kiendeshi hiki nikakifungua mstari kwa mstari, na kosa nimeliona kwa macho. Ni kama tulivyosema, kinapeleka kabla hakijapokea. Maana yake masalia hayapotei, yanasubiri mteja anayefuata. Chini ya Gwantwa ni baba yako. Basi nusu ya chini ya Gwantwa mwenyewe imekwenda kwa aliyeingia baada yake. Fungua picha ya mtu huyo, siku ile ya uchunguzi. Juu ni kifua chake, chini ni Gwantwa mtupu, hajaguswa. Kama chini ni safi, mdogo wako ni mzima, na Daktari Loisi ana kitu cha kuwaonyesha Mbeya kabla ya Alhamisi.

Flashi hii ina kiendeshi cha zamani, kile kizito. Kirudishe kama nilivyoandika kwenye karatasi ya pili. Bora tusubiri picha kuliko kuharakishiwa uongo. Waliokitengeneza kipya nimewaandikia kwa hasira, nimewaambia nyuma ya picha kuna watu.

Dada, nina furaha ambayo sijawahi kuipata kwenye kazi hii. Nimemsimulia mama kisa kizima wakati anakunja vitenge vyake, na amesema alijua tu, binti mpole kama wewe hawezi kuandika majina ovyo. Kimbia ukafungue hiyo picha.

Abdulrahim


Ileje
Jumanne, 17 Juni 2025

Kaka yangu Abdulrahim,

Nakuandikia nikiwa nimeshalia, kwa hiyo nitajitahidi kunyoosha maneno.

Picha niliifungua jana Tuntufye hata hajazima gari. Chini ni safi. Safi kama ya mtoto. Daktari Loisi aliituma Mbeya pamoja na ile ya ufunguo na kijiko, akaongea na bingwa mwenyewe kwa simu. Kitanda kimefutwa. Gwantwa atapigwa picha hukohuko Mbeya, polepole, kwa kujiridhisha tu. Nilimpigia nikamwambia, nikasikia mtoto aliyekuwa akilia amenyamaza ghafla, nikajua amempa ziwa. Kwa hilo Mungu akulipe, mimi siwezi.

Sasa lile jingine. Nilitaka kumwachia Daktari Loisi akuandikie, nikaona si haki.

Aliyeingia baada ya Gwantwa ni mama yako. Nilimweka mimi. Uliniandikia hivyo kwenye barua yako ya kwanza, na mimi niliisoma nikaikunja. Mama alikuwa mwisho wa foleni, anakohoa, amekaa kwenye benchi la baridi, nikaona aibu mama wa Abdulrahim akae pale. Nikamshika mkono nikamleta nyuma ya watu wangu. Ile picha safi tuliyompa, uliyomtania nayo, chini yake ni Gwantwa.

Nyuma ya mama aliingia Mwalimu Jenista wa shule ya msingi ya hapa. Yeye aliambiwa ana kifua kikuu, akaanza dawa, na wazazi wengine wakahamisha watoto darasani kwake. Nimeifungua picha yake mbele ya Daktari Loisi. Chini, upande wa kushoto, kuna doa. Si la Jenista.

Daktari Loisi anasema nikuambie mambo mawili. Halionekani kuwa doa la kukatisha tamaa. Kama ni kifua kikuu, dawa ipo, haiuzwi, na watu wanapona. La pili ni kwamba mama amekaa wiki hizi zote bila kumeza hata kidonge, kwa sababu sisi tulimwambia ni mzima, kwa hiyo asikae hata siku moja zaidi. Anataka picha mpya na makohozi yapimwe. Hapo Tunduma mnaweza kwenda popote mnapopaamini. Huku kwetu sitashangaa msipotaka kurudi.

Nisamehe kwa heshima niliyompa.

Tupokigwe


Tunduma
Jumatano, 18 Juni 2025

Dada Tupokigwe,

Barua yako nimeisomea dukani kwa mama, kwa sababu Tuntufye alinikuta pale. Nilisoma mpaka ulipoandika "nilimweka mimi", nikainua macho. Mama alikuwa anampimia kitenge mteja wa Nakonde. Kikohozi kikamjia. Akaniangalia kwanza mimi, akaziba mdomo kwa upande wa kanga, akageukia kwenye rafu mpaka kikapita. Halafu akaendelea kupima, anatabasamu. Kumbe ndivyo anavyofanya tangu nimwambie akohoe kwa adabu. Anajificha kwa ajili yangu, ili nisimtanie.

Usiniombe msamaha. Jibu nilikuwa nalo mwenyewe tangu barua ya kwanza na sikuliona, na juzi nilikuwa napiga vigelegele. Furaha ya Gwantwa bado ni furaha, sitaitoa moyoni. Mwalimu Jenista nitamwomba radhi kwa mdomo wangu, mbele ya wazazi hao wakitaka. Na kila atakayerudi hapo kupigwa picha, Daktari Loisi amwambie wazi kwamba kiendeshi nilikileta mimi. Hospitali nyingine mbili ziniite au zisiniite.

Hapa Tunduma zipo mashine, ni kweli. Lakini nilipomwambia mama inabidi apigwe picha tena, sikumweleza zaidi, aliuliza kitu kimoja tu: "Kwa yule binti wa Ileje?" Nikasema popote atakapo. Akasema kwingine hataki, hawamjui. Sasa hivi yuko ndani anachagua kitenge cha Gwantwa na kingine cha mtoto. Kesho Alhamisi tunapanda na Tuntufye alfajiri. Ile karatasi ya pili najua umeifuata, lakini kabla mtu hajaingia nitakikagua kiendeshi mwenyewe, kwa ufunguo wako na kijiko chako.

Nina ombi moja. Usimweke nyuma ya mtu, hata nyuma ya baba yako, na Mzee Asajile aniwie radhi. Mama atangulie. Mpige mara mbili kama mlivyozoea, hata kama mashine imepona. Nyuma yake nitaingia mimi. Nakaa naye nyumba moja, kifua changu nacho kinastahili kuangaliwa. Na kama kiendeshi bado kinadanganya, uongo uangukie kwangu.

Abdulrahim